Mwavuli wa Tisa

Maelezo ya mtuhumiwa yalikuwa mstari mmoja: "Nilikosea mimi, niandikeni hivyo." Chini yake palikuwa na sahihi iliyopinda, ya mtu aliyeandika akiwa amelala chali.

Inspekta aliusoma mstari huo akiwa amesimama, akausoma tena akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kisha akaikunja nakala ile na kuitia mfukoni pamoja na funguo za gari. Katika miaka kumi na miwili ya kazi alikwisha kupokea kila aina ya ungamo. Kuna waliolia, kuna waliotukana, kuna waliomtupia shetani mzigo wote. Wote walifanana kwa jambo moja: walieleza mno. Anayekiri hutaka aeleweke. Huyu hakutaka.

Mkuu wake wa idara aliridhika. Alimwambia mtu amekiri, mashahidi wamekubaliana, na mwendesha mashtaka analisubiri faili kabla ya saa tisa alasiri. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kilichobaki ni nusu ukurasa wa mazingira ya tukio, kazi ya kufanyika mezani, kwenye kiti, na chai pembeni. Inspekta alikiangalia kiti, akaiangalia saa iliyokuwa inakimbilia saa mbili, akatoka.

Tukio lenyewe lilielezeka kwa maneno machache. Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, watu wanane wa klabu moja ya kuruka kwa parachuti walitoka kwenye ndege ndogo mmoja baada ya mwingine. Miavuli yote minane ilifunguka vizuri. Wawili kati yao wakagongana karibu na ardhi, kwenye kimo cha jengo la ghorofa kumi, miavuli yao ikasokotana, wakaanguka. Mmoja, fundi seremala, alikufa palepale. Wa pili, mpima ardhi, alivunjika mguu na nyonga. Mpimaji alikuwa amemwoa dada yake Seremala. Walikuwa mashemeji.

Uwanja ulikuwa nusu saa nje ya mji. Upande wa mashariki lilisimama banda refu la bati, na mbele yake ukatanda uwanja wa majani uliozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, hadi kwenye barabara ya changarawe upande wa magharibi. Inspekta aliegesha gari kwenye kivuli cha banda. Kilikuwa kirefu saa ile, kimevuka mawe meupe na kuingia hatua thelathini ndani ya majani.

Mkuu wa klabu, rubani mstaafu ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alimpokea kwenye ofisi yenye ramani ukutani na redio ya kuzungumzia na ndege. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa, lakini mkono wake haukuacha kulizungusha birika mezani.

Alieleza kwamba siku yenye upepo wa kueleweka hapana swali: kila mtu hutua akiukabili upepo, na mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti humwonyesha unakotoka. Taabu ni siku ya upepo mlegevu, ule unaozungukazunguka, mfuko unaponing'inia kama soksi iliyoanikwa. Siku hiyo kanuni ni moja. Anayetua kwanza ndiye anayeweka njia. Akitua ameelekea banda, wote huelekea banda. Akielekea barabara, wote barabara.

"Hata kama kakosea?" Inspekta aliuliza.

"Hata kama kakosea. Mkikosea wote, mnachubuka magoti, mnacheka. Mkigawanyika, mnakutana uso kwa uso, na kila mmoja anakuja na kasi yake." Kapteni aligonganisha ngumi zake taratibu, halafu akazificha chini ya meza kana kwamba zimemwaibisha.

Jumamosi upepo ulikuwa wa namna hiyo. Aliyetua kwanza alikuwa ameelekea banda. Seremala akamfuata. Waliokuwa juu yao wakamfuata. Mpimaji peke yake alikuja kutoka upande wa banda akielekea barabara, kama gari lililoingia njia isiyo yake. Hapo hakukuwa na la kubishania.

"Aliyetua kwanza ni nani?"

Kapteni aliiangalia redio. Alisema alikuwa ndani anazungumza na rubani. Alipotoka kelele zilikwisha anza, watu wanakimbia. Aliona mwavuli mmoja umekwisha lala kwenye majani, huku karibu na banda, ambako wazoefu hupenda kutua ili wasibebe mzigo mbali. Wa nani, hakuuliza. Rangi, labda kijani.

Kisha, kwa sauti ya chini, akasema kuna jambo jingine ambalo pengine Inspekta angependa kulijua. Ijumaa jioni mashemeji wale walirushiana maneno hapo uani, mbele ya watu. Seremala alisikika akimwambia mwenzake kuwa hajui kazi, hajawahi kuijua, na siku moja atamletea mtu balaa.

Inspekta aliandika, akapiga mstari chini ya neno balaa. Ugomvi Ijumaa, kifo Jumamosi. Mkuu wake angelipenda hilo.

Dada wa marehemu alikuwamo bandani. Alikuwa ndiye mkunjaji wa miavuli wa klabu, na kwa sababu ya ushonaji wake ulionyooka, na ulimi wake pia, walimwita Sindano. Siku ile hakuja kufanya kazi. Alikuja kuchukua vitu vya kaka yake: viatu, futi ya kupimia, fulana mbili. Alikwisha vifunga, lakini bado alikuwa anatembea kati ya meza ndefu za kukunjia, ananyoosha kamba ambazo zimenyooka, anafuta meza ambayo haina vumbi.

Inspekta alimpa pole, akamuuliza kuhusu Ijumaa.

"Ugomvi?" Sindano alisimama. "Ni kabati hilo. Mume wangu alipima mlango wa chumba, kaka akatengeneza kabati kwa vipimo vyake, kabati likakataa kuingia. Mtu anapima mashamba ya watu kwa mitambo, mlango wake mwenyewe unamshinda. Kaka alimtangaza kila mahali. Na yeye akamjibu kwamba yuko seremala mmoja tu duniani anayejenga kabati kubwa kuliko nyumba." Mdomo wake ulielekea kucheka, akauzuia. "Usiku ule ule walilikata miguu wakaliingiza. Walikula pamoja."

Inspekta akaufuta ule mstari. Alimuuliza kama anaamini mumewe alikuwa na chuki na kaka yake.

"Chuki hana. Ana ujuaji. Kaka alifuata kanuni, wenzake wote walifuata kanuni, yeye akaona ana akili kuliko watu saba. Na amekiri, si amekiri?" Alianza tena kufuta meza. Alisema amekuwa akimpelekea uji hadi kwenye geti la hospitali na kumkabidhi muuguzi. Wodini hajaingia. Mama yake hataki jina la mkwewe litajwe nyumbani, na yeye mwenyewe analala kwa mama. "Wewe andika ya kwako, dada. Ukishaandika nitajua kama nina nyumba ya kurudi au sina."

Inspekta alitoka nje akiwa na orodha ya warukaji mkononi na simu sikioni. Hakuweza kupiga simu akiwa amesimama, kwa hiyo aliyafuata mawe meupe, akauzunguka uwanja mara moja, mara mbili, huku akiwahoji waliosalia. Swali lilikuwa lile lile: nani alitua kwanza?

Muuguzi wa meno alisema si yeye, kwa sababu alipokuwa bado angani alikwisha kumwona mtu chini. Fundi wa umeme alisema hivyo hivyo. Ndugu wawili wenye duka la vioo walijibu kwa zamu kwenye simu moja, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mwisho wakakubaliana si wao. Dereva wa lori alikasirika, akauliza kama sasa anatafutiwa kesi. Watu watano, na kila mmoja alitua wa pili.

Sasa Inspekta alikuwa na kitu cha kutafuna. Mmoja wao anadanganya. Alitua kwanza, akatua upande usiofaa, akawapotosha wenzake, na sasa anamwacha majeruhi abebe msalaba peke yake. Lakini kwa nini majeruhi akubali kuubeba? Simu ilimlia mkononi: mkuu wake, akikumbusha saa tisa. Inspekta aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akifungua mlango wa gari.

Wa sita alikuwa mwokaji mikate. Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya stendi, na chumba cha tanuri kilikuwa na joto la kumfanya mtu aombe radhi kwa makosa ya zamani. Kofia yake ngumu ya kurukia ilikaa rafuni katikati ya makopo ya hamira, kamera ndogo ikiwa bado imefungwa mbele yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka kwenye ndege, na picha zake ndizo walizozitegemea askari wa kwanza kufika.

"Walichukua nusu dakika ile tu," alisema, akijifuta unga kwenye aproni. "Ile ya kugongana. Mimi mwenyewe siwezi kuitazama tena."

Inspekta alisema hahitaji nusu dakika ile. Anahitaji iliyo kabla yake. Alimuuliza pia, kwa sababu lazima aulize, kama ni yeye aliyetua kwanza.

"Mimi? Nilikuwa wa juu kabisa. Nilishuka wa mwisho, nikashindwa hata kufungua mikanda."

Mwokaji aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kukandia, kando ya unga uliokwisha kugawanywa kwa ajili ya skonzi. Picha ikaanza: mlango wa ndege, mbingu, miguu ya mtu, kisha mtikisiko wa mwavuli kufunguka. Halafu utulivu. Ardhi ilionekana mbali chini, banda dogo kama kiberiti, na kati ya kamera na ardhi ikatawanyika miavuli ya rangi, inazunguka taratibu. Inspekta hakuitazama ardhi. Aligonga meza kwa kidole, akamwomba arudishe nyuma, akagonga tena, arudishe tena.

"Simamisha hapo. Sasa hesabu walioko angani."

Mwokaji alihesabu kwa namna yake. Kila mwavuli aliouona alisogeza kidonge kimoja cha unga pembeni. Mwekundu na mweupe, Seremala. Wa rangi ya machungwa, Mpimaji. Hawa wawili walikuwa chini kuliko wote, lakini bado hewani, mbali mmoja na mwenzake. Wa bluu. Weusi wawili, wale ndugu wa vioo. Wa njano. Wa zambarau.

"Saba," alisema.

"Na aliyevaa kamera."

Akasogeza kidonge kingine. Nane. Wote wanane angani, hakuna aliyegusa ardhi.

Inspekta aliweka kidole kwenye kioo, karibu na banda. Pale, ndani ya kivuli, mwavuli wa kijani ulikuwa umelala kwenye majani, kamba zimenyooka, begi la mgongoni liko mwisho wa kamba upande wa banda. Ndivyo mwavuli unavyolala nyuma ya mtu aliyetua ameelekea banda.

Mwokaji aliangalia kioo, akaangalia vidonge vyake vya unga. Polepole alisogeza cha tisa, akakiacha katikati ya meza peke yake.

"Huyu sasa ni nani?"

"Ulimwona siku ile?"

"Nilimwona. Nikasema, haya, leo ni banda, nikageuza. Sote tuligeuza." Sauti yake ilipungua. "Sikuhesabu. Nani anahesabu, dada? Ukiona mwavuli chini unajua mtu katua."

Inspekta aliipiga picha ile kwa simu yake. Alirudi uwanjani akiendesha kwa kasi ambayo angemkamatia mtu mwingine. Kichwani alikuwa na mrukaji wa tisa: mgeni aliyeruka mapema bila kuandikishwa, au mtu wa klabu aliyeshuka na ndege iliyotangulia akajificha. Kapteni alikana yote mawili. Ndege ilikuwa haijapaa kabla ya hapo, na kitabu cha rubani kilishuhudia. Saa ilikuwa saba na nusu. Alipotoka ofisini Inspekta alikuta gari lake linachomwa na jua. Kile kivuli kirefu kilikuwa kimerudi chote chini ya ukuta wa banda.

Sindano alikuwa bado yumo, mfuko wa vitu vya kaka yake ukiwa mlangoni. Inspekta hakumfikiria kama shahidi. Alimfikiria kama mtu anayeijua miavuli yote kwa sura, basi. Alimpa simu.

"Huu wa kijani ni wa nani?"

Sindano hakuhitaji kuisogeza karibu. "Wa klabu, wa wanafunzi. Ndio ule uliotumbukia bwawani Ijumaa na mwanafunzi mmoja. Tuliukamua, ukalala umetundikwa humu, asubuhi pindo lilikuwa bado bichi. Nikauanika nje kidogo." Akaongeza kwa fahari ya kazi, kama mtu aliyezoea kuulizwa na wasiojua: "Kivulini lakini. Jua linakula kitambaa hiki, ukiuanika juani unaua mtu. Nikaweka begi huku kwenye banda, kamba nikazinyoosha zisisokotane, kitambaa kikaishia kule..."

Sentensi haikufika mwisho. Alikuwa bado anaiangalia picha.

Inspekta alimuuliza, kwa upole alioweza, kama amewahi kuruka. Sindano alitikisa kichwa. Hajawahi hata siku moja; hata ngazi ya bandani humtia kizunguzungu. Katika miaka tisa ya kukunja miavuli ya watu hakuwahi kuuona uwanja huu kutoka juu. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza, sasa hivi, kwenye kioo cha simu.

"Wanane hawa hapa," alisema. Alihesabu kwa kucha, bila sauti, hakuhesabu mara mbili. "Hakuna aliyetua."

"Hakuna."

"Kaka aliona huu."

"Ndiyo."

Sindano aliirudisha simu mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza. Mikono yake, ambayo tangu asubuhi haikutulia, ilitulia. Inspekta alivuta kiti, lakini hakukikalia.

Kulikuwa na swali moja limebaki, na Inspekta alikwisha anza kulijua jibu lake. Aliuliza nani aliyeukamua naye mwavuli ule Ijumaa.

"Mume wangu," Sindano alisema. "Jumamosi pia, kabla hajawafuata wenzake kwenye ndege, kule nyuma ya banda ambako uwanja hauonekani, alinishikia upande mmoja tukautoa nje. Nilimwambia nitauondoa kabla hawajashuka. Halafu mikanda ya yule dereva wa lori ikawa na tatizo, nikaingia ndani, nikasahau."

Basi ilikuwa hivyo. Kati ya watu wanane angani, mmoja tu alijua kwamba pale chini hakuna aliyetua. Hakuufuata mwavuli wa kijani kwa sababu aliutoa nje kwa mikono yake. Akautazama ule mfuko wa upepo, akafuata dalili ndogo uliyoonyesha, na akakutana na shemeji yake aliyeifuata kanuni vilevile, kwa uaminifu wote. Angejitetea kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ingemfikia mke wake kabla ya jioni. Akachagua nyingine.

Inspekta alisema anakwenda hospitali. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia Sindano apumzike, ampigie mtu wa nyumbani aje amchukue. Sindano alikwisha vaa viatu.

Njiani Inspekta alimpigia mkuu wake, akamwambia faili la mashtaka haliji. Litakuja jingine, la ajali, na litachukua siku mbili zaidi. Alisikiliza jibu lake. Kisha akasema kama mwendesha mashtaka anataka mtu wa kumshtaki kwa kufuata upepo, amtafute mwenyewe, na akakata simu kabla hajaambiwa lililofuata.

Wodi ya mifupa ilikuwa ghorofa ya pili, vitanda kumi na viwili, mapazia ya kijivu, redio ya mgonjwa mmoja ikizungumza peke yake. Mpimaji alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, dirishani, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Alimwona mke wake mlangoni na uso wake ukafunguka. Halafu akamwona Inspekta nyuma yake, na uso ukajifunga.

"Niliwaambia mniandike mimi," alimwambia Inspekta.

"Nikiandika hivyo, watasema palikuwa na mtu mmoja mkaidi, mkaidi kaondoka, mambo shwari. Jumamosi ijayo mwingine atalaza mwavuli palepale, kwa nia njema kabisa, na wanane wengine wataufuata." Inspekta alizungumza taratibu, akizuia miguu yake. "Hapa hakuna mkosaji wa kufungwa. Kuna jambo ambalo kila mrukaji anapaswa kuliona kabla halijatokea tena. Nikikuandika wewe nitalizika."

Mpimaji alikuwa anamwangalia mke wake, aliyesimama miguuni mwa kitanda bila kugusa kitu.

"Uliuona?" Sindano aliuliza.

"Niliuona."

"Ukajua ni wangu. Siku tatu umelala hapa, mimi nakuchukia."

"Niliona afadhali unichukie mimi."

Redio ya jirani ilitangaza saa tisa. Mgonjwa wake aliipunguza sauti, si kwa adabu, kwa kutaka kusikia vizuri zaidi.

"Lakini sikusema uongo," Mpimaji alisema. "Yale maneno niliyosaini ni kweli. Nilipouona ule mwavuli nilijua walioko juu watadhani ni mtu. Nikaanza kukutafuta wewe kwa macho, nikiwaza atoke, atoke auondoe. Nikawa naangalia chini. Sekunde nne, tano. Nilipoinua uso kaka yako alikuwa hapa." Aliinua kiganja mbele ya pua yake. "Tumefundishwa, mkikutana uso kwa uso, kila mmoja avute kulia. Yeye alivuta kulia. Alifanya kila kitu sawa. Mimi nilichelewa, kwa sababu nilikuwa sitazami mbele."

Inspekta alijua hilo pia litaandikwa. Zile sekunde nne zitakaa kwenye ripoti, karibu na kanuni ya anayetua kwanza, karibu na kivuli cha banda na pindo bichi, na hapana hata moja kati ya hayo lililotosha peke yake kumuua mtu. Alimwambia hivyo Mpimaji. Alimwambia pia kwamba hajawahi kumwona hakimu anayemfunga mtu kwa kuhofia maisha ya wenzake. Mpimaji alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Macho yake hayakuondoka miguuni mwa kitanda.

Muuguzi alipita, akasoma karatasi ya kitanda cha jirani, akarudi. Sindano hakulia. Aliuzunguka mguu ulioning'inizwa, kwa uangalifu asiuguse ule uzito, akafika upande wa dirisha, akauchukua mkono wa mumewe kama mtu anayeokota kitu chake sakafuni.

"Basi tumo wote wawili," alisema.

Inspekta aliuliza kama wangependa awaache kwanza. Angeweza kurudi kesho. Ripoti ina siku mbili.

"Hapana, kaa uandike. Mama ataisoma, na warukaji wote waisome." Akamgeukia mumewe. "Mimi sikuwako huko juu. Nieleze. Anza mlangoni mwa ndege, usinifiche kitu."

Mpimaji alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Kaka yako ndiye aliyefungua mlango," alianza. "Alikuwa anacheka."